Je, Tununue Nyumba Mahali Tusipotarajia Kukaa?



Mwanzoni mwa mvua, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja mjane wa kanisa letu alitungoja chini ya mti mpaka watu wote walipotawanyika. Alikuwa na neno. Jirani yake amepata habari ya kuhama pamoja na jamaa yake yote, naye anauza nyumba: vyumba viwili vya matofali mabichi, paa la mabati, mlango wa chuma, na jiko nje. Mama huyu ana fedha kidogo alizoweka kwa kuuza mandazi na samaki wakavu kwa miaka minne. Anakaa na watoto watano katika tukul moja ambayo nyasi zake zimeoza, na usiku wa mvua wanasimama wote upande mmoja. Akauliza, "Mchungaji, ninunue? Au nikinunua nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba sitaki tena kurudi nyumbani?"

Tulimjibu haraka, na jibu letu halikuwa zuri. Tulimwambia aombe. Akasema, "Kuomba nimeomba. Sasa nataka shauri."

Basi tulikaa na wazee wa kanisa jioni mbili, tukaona kwamba swali hili si la mama mmoja. Wako ndugu hapa Gorom wanaouziana nyumba kimya kimya, wako wenzetu wanaopanga vyumba mjini Juba na kusumbuliwa na kodi, na wako wanaotuma fedha Kongo au Burundi ili kiwanja cha baba kisichukuliwe. Wote wanauliza jambo lile lile: mtu anayepita njia tu, je, inafaa anunue nyumba? Na kama inafaa, wapi? Tunaandika hapa tuliyoyazungumza, pamoja na yale ambayo hatukukubaliana.

Kwanza hilo neno "kupita." Sisi tuliokimbia Faradje na Doruma, LRA walipovamia wakati wa Krismasi ya mwaka 2008, tulifikiri tutakuwa nyumbani kabla ya Pasaka. Hatukubeba hata jembe. Wengine walifika Lasu, wengine Makpandu, na mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile sasa ni kijana mwenye ndevu. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliingia Tanzania wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa, wakazika. Miaka 35 ilipita ndipo mwaka 2007 Tanzania ikawauliza kama wanataka kurudi au kubaki, na zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa nchi ile. Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan kwa miguu, na baadhi yao waliojifunza Kiswahili kule ndio wanaoimba nasi leo katika kwaya hapa.

Lakini mambo huenda upande wa pili pia. Kambi ya Mtabila kule Kasulu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na waliokuwa wamejenga vizuri waliziacha kuta zimesimama. Sisi wenyewe tuliokuwa Lasu tulikwisha kuezeka, na migomba ilikwisha kuzaa, vita vikafika upande wa Yei mwaka 2016. Na wenyeji wetu wa Juba, hao wenye hati na mihuri, wengi walilala nyumbani kwao Jumamosi tarehe 14 Desemba 2013, na siku chache baadaye walikuwa wakilala kwenye vumbi ndani ya kambi za UNMISS, wakiwa wakimbizi katika mji wao. Kwa hiyo mtu akisema anakaa hapa muda mfupi, au akisema anakaa muda mrefu, wote wawili wanabahatisha.

Hapo ndipo wazee walipomtaja nabii Yeremia, na kwa kweli hakuna aliyeelewa jambo hili kuliko yeye. Watu wa Yuda walipochukuliwa Babeli, alisimama Hanania akatabiri kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Yalikuwa maneno matamu. Nasi tunawafahamu Hanania wa siku zetu, wenye redio na simu, ambao kila mkataba wa amani ukitiwa sahihi wanatuambia tufunge mizigo. Yeremia aliwaandikia mateka barua, iko katika sura ya 29, akisema itakuwa miaka sabini, basi wajenge, wapande, waoze watoto wao, na waombee mji ule ule uliowateka.

Wahubiri wengi hulitumia neno hili kama ruhusa ya kila kitu. Nasi tumelihubiri hivyo, mara mbili tunakumbuka. Lakini jioni ile mzee mmoja alisoma tena polepole akasema, "Hapa pameandikwa kujenga na kupanda. Kununua sikuoni." Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu ni kweli. Na sura tatu mbele, Yeremia yule yule ananunua. Ananunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa amime yake, kwa shekeli kumi na saba za fedha, wakati Wakaldayo wameuzingira mji na yeye mwenyewe amefungwa. Ananunua nyumbani, mahali ambapo adui ameshafika. Ugenini anawaambia watu wajenge, na nyumbani ananunua. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba sura ile ya 32 ni somo la tumaini, na ni kweli. Lakini mtu aliyewahi kupoteza kiwanja husoma mambo mengine mle ndani: fedha inapimwa mbele ya mashahidi, hati zinaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi, kisha Baruku anaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu. Nabii aliyekuwa gerezani alijali karatasi kuliko sisi tulio huru.

Turudi kwenye swali la mama. Nyumba ya jirani inauzwa. Ni nini hasa kinachouzwa?

Ardhi ya makazi haya si ya jirani. Tulipewa bure na serikali ya nchi hii kupitia Tume ya Masuala ya Wakimbizi na UNHCR, tukaonyeshwa mahali, tukaambiwa jengeni. Hata mjini, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 haimpi mgeni umiliki wa ardhi. Anaweza kukodi kwa muda tu. Kenya nayo, tangu katiba ya mwaka 2010, mgeni hapewi zaidi ya ukodishaji usiozidi miaka 99. Uganda mkimbizi hupewa kipande cha kukaa na kulima, lakini si chake cha kuuza. Basi jirani hana kiwanja cha kumuuzia mtu. Alicho nacho ni miti aliyoikata, matofali aliyoyafyatua, mabati aliyoyanunua Konyokonyo akayapandisha juu ya lori, mlango, na jasho lake. Jasho lina haki ya kulipwa. Hapo wazee wote walikubaliana.

Hapo pia ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee mmoja alisema, "Kama tunalipa jasho tu, basi kuna dhambi gani? Anunue, ahamie." Mwingine akajibu kwamba kiwanja kikiachwa kinatakiwa kirudi ofisini, kipewe jamaa waliofika karibuni na bado wako kwenye hema la mapokezi. Tangu vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, watu wanaingia, na makazi haya yaliyofunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu Waanuak wa Gambella yamejaa kupita kiasi. Mama akihamia kwa jirani, naye akabaki na cha kwake kwa ajili ya mtoto wake mkubwa, kama wengi wanavyofanya, atakuwa ameshika viwanja viwili, na kuna jamaa fulani ambayo haijui kamwe kwamba ilikuwa na zamu. Hakuna aliyeiba kitu, na hakuna karatasi inayoonyesha kosa. Lakini mtu fulani analala kwenye hema kwa sababu sisi wawili tumepatana bei.

Tunakiri hatukuwa tumelifikiri jambo hili kabla. Tulikuwa tumezoea kujiona sisi ndio wanyonge katika kila biashara.

Mjini Juba mambo ni mengine, na ni mazito zaidi. Baada ya amani ya mwaka 2005 watu walirudi kwa wingi kutoka Khartoum, Uganda na Kenya, mji ukapanuka kwenda Gudele, Munuki, Jebel, na ng'ambo ya mto kule Gumbo. Waliorudi wengine walikuta watu wenye silaha wanakaa katika nyumba zao. Viwanja vinapimwa kwa madaraja, la kwanza, la pili na la tatu, lakini pembeni ya mji kuna mahali ambapo upimaji haujafika, ambapo ardhi ni ya jamii ya wenyeji Wabari, na huko mgeni huambiwa maneno mazuri. Mwaka 2009 serikali ilibomoa nyumba nyingi zilizojengwa bila kibali. Walionunua kihalali kwa moyo wao wote, lakini kwa mtu asiye na haki ya kuuza, walisimama wakitazama.

Sisi tunazungumza habari hii kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita, jamaa yetu na jamaa nyingine tatu za kanisa tulichanga tukalipia nusu ya kiwanja nje ya mji. Muuzaji alikuwa mtu mcha Mungu kwa kumtazama, alituita ndugu, akatuonyesha karatasi yenye muhuri. Tulipomwambia tungependa kwenda kwa sultani wa mahali pale tuandikishane, alisema, "Kati yetu sisi waumini, karatasi ya nini?" Tukaona haya. Tuliona haya kumdhania vibaya, na haya ile ilitugharimu fedha za jamaa nne. Mvua ya pili alikuja mtu mwingine na karatasi ya zamani kuliko ile, na alikuwa na haki. Alitupa siku kumi na nne tung'oe mabati. Tunamshukuru kwa siku zile, maana hakulazimika kutupa hata moja.

Tangu hapo tunaisoma Mwanzo 23 kwa namna nyingine. Ibrahimu alikuwa mgeni na msafiri kati ya Wahiti, Sara amekufa mbele yake, na Efroni anamwambia achukue shamba bure. Bure! Nani kati yetu asingelichukua? Ibrahimu anainama mbele ya watu, anakataa, anapima shekeli mia nne, nao wote walioingia langoni mwa mji wanasikia na kuona. Shamba, pango lililomo, miti iliyomo, mpaka wake, vyote vinatajwa kimoja kimoja. (Pango lile ni la Makpela, na sisi tuliopita Makpandu jina hili hutuchekesha kidogo.) Ibrahimu hakumtilia shaka Efroni, alijua tu kwamba Efroni atakufa, na watoto wa Efroni hawakuwapo siku ya maneno mazuri.

Kuna jambo lingine la mjini ambalo tunataka kulisema wazi hata kama litawaudhi wengine. Nyumba ya bei nafuu ambayo mwenyewe hayupo, iulizeni kwa nini ni nafuu. Baada ya mapigano ya Julai 2016 watu wengi wa Ikweta walivuka kwenda Uganda, na Bidibidi ikafunguliwa mwezi Agosti mwaka ule ule kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwaweka. Waliacha nyumba. Leo anatokea mtu, anashika ufunguo, anasema mwenyewe amemkabidhi, bei ni nusu ya kawaida. Yule mwenye nyumba yuko kwenye hema Yumbe akiwasimulia watoto habari ya mwembe ulio uani kwake, kama sisi tunavyowasimulia wetu. Warundi waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta watu wengine wamelima mashamba yao zaidi ya miaka 30, na serikali ilibidi iunde tume ya ardhi mwaka 2006, na hata tume hiyo haikuweza kumridhisha kila mtu, kwa sababu yule aliyekaa naye alikuwa amezaa na kuzika mahali pale. Sisi tunaolia kwamba nyumba zetu za Kongo zina watu, hatuwezi kuwa watu hao katika nyumba ya mwingine. Kama huwezi kumpigia mwenyewe simu na kusikia kwa sauti yake kwamba anauza, acha. Na kama mwenyewe anauza kwa sababu ana njaa Uganda, mlipe bei ya haki, si bei ya njaa.

Baadhi ya ndugu walituambia, "Mchungaji, acha dhamiri kidogo, tupigie hesabu." Haya, tupige hesabu, maana Bwana Yesu naye alimsifu mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Kwa wanaopanga mjini, tuseme nyumba ndogo inakodishwa dola 40 kwa mwezi, nayo inauzwa dola 1,200. Watu husema, hiyo ni kodi ya miezi 30, nikikaa miaka mitatu nimepata faida. Wanasahau kwamba nyumba yako haina mwenye nyumba wa kukutengenezea. Mchwa wa hapa hula nguzo, mvua huosha udongo wa ukuta, nyasi za paa hudumu miaka michache tu. Tuseme matengenezo ni dola 10 kwa mwezi ukigawanya mwaka mzima. Basi unachookoa kila mwezi ni 30, na itakuchukua miezi 40, yaani miaka mitatu na miezi minne, kurudisha fedha yako. Ukiweza kuuza kwa nusu bei siku ya kuondoka, inashuka kuwa miezi 20. Hesabu yote inategemea siku hiyo ya kuondoka.

Na siku ya kuondoka haifanani na siku ya kufika. Ukiondoka peke yako kwa amani, utauza. Lakini watu kama sisi mara nyingi huondoka pamoja. Amani ikifika kweli nyumbani, kila mtu anauza mwezi mmoja, na mnunuzi hayupo. Vita vikifika hapa, hata kuuza hakuna, unafunga mlango na kukimbia na ufunguo ambao hautafungua kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mpita njia akiwa na fedha ya kununua nyumba, mara nyingi ni afadhali apange, na aliyebanwa sana anunue kile kinachoweza kung'olewa. Mabati hung'olewa. Mlango, madirisha na mbao hung'olewa. Matofali mabichi hubaki, saruji hubaki zaidi. Mtume Paulo alikaa Rumi miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, hakuna mahali tunaposoma kwamba aliona ni aibu, na wageni wote walipata mahali pa kuingia.

Kuhusu wapi, tutasema kifupi. Loti alichagua kwa macho, bonde lenye maji mengi, na mnajua yaliyompata. Msitazame barabara nzuri. Ulizeni maji ya mvua yanapita wapi, maana makorongo ya Juba ni makavu miezi mingi, halafu siku moja yanakuja na vitanda vya watu. Ulizeni kisima kiko umbali gani kwa mtoto wa miaka kumi, shule iko wapi, zahanati iko wapi, na jirani ni nani. Jirani ni nusu ya nyumba. Usiku wa Julai 2016 wengine waliokolewa na jirani asiye wa kabila lao.

Sasa lile swali la mwisho la mama, lililotusumbua zaidi: kununua ni kukana nyumbani?

Tunajua baba mmoja hapa ambaye kwa mvua saba hakuziba paa lake. Kila akiulizwa anasema, "Tunaondoka." Watoto wake wanakohoa. Alikuwa anafikiri kwamba kuziba paa ni kusaini karatasi ya kubaki milele. Tunamheshimu, kwa sababu ana uchungu, na uchungu wake ni uaminifu kwa mahali alipozaliwa. Lakini watoto hawawezi kulala ndani ya uaminifu wa baba yao. Na tunajua mwingine aliyenunua saruji mifuko kumi na miwili akapiga sakafu inayong'aa, na msichana wake akafukuzwa shule kwa ada. Huyu naye tulimtembelea.

Ibrahimu alikaa katika mahema maisha yake yote katika nchi aliyoahidiwa, Waebrania 11 inatukumbusha. Alichimba visima lakini. Nyumba hakununua, akanunua kaburi. Yakobo alifanya vingine. Alikuwa njiani kurudi kwao, akajenga nyumba Sukothi, kisha akafika Shekemu akanunua sehemu ya shamba kwa vipande mia vya fedha, akapiga hema yake hapo. Mwanzo 33. Sura ya 34 tu inayofuata, binti yake Dina amedhulumiwa, wanawe wamemwaga damu, na mzee anafunga mizigo kwa hofu. Fedha ile yote kwa sura moja! Kama angekuja kanisani kwetu kuomba shauri, tungemwambia usinunue. Lakini fungueni mwisho wa kitabu cha Yoshua, mtakuta kwamba mifupa ya Yusufu, iliyobebwa kutoka Misri, ilizikwa katika shamba lile lile la vipande mia vya fedha.

Nasi tunao watu wetu udongoni hapa. Tangu tufike tumezika wazee, tumezika mama mmoja na kichanga chake siku moja. Tukiondoka kesho hatutawang'oa kama mabati. Kwa hiyo tunapoambiana kwamba sisi hapa ni wapita njia tu, hatusemi kweli yote. Tulimwuliza sultani wa hapa kama eneo la makaburi linaweza kutambuliwa kwa maandishi, akasema atalipeleka mbele. Hilo, wapendwa, tungelilipia kwa furaha, na mchango wake unaendelea.

Tulimrudia mama tukamweleza yote haya, marefu kuliko alivyotaka. Alisikiliza akafikiri siku tatu. Kisha akaenda na mzee mmoja kwa jirani, akamwambia atanunua mabati kumi na sita, mbao zake na mlango wa chuma, aviweke juu ya kuta mpya kwenye kiwanja chake mwenyewe, na kuta za jirani na kiwanja virudi ofisini. Jirani hakufurahi. Alisema mabati bila nyumba si bei ile. Walivutana wiki nzima, wakapatana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikaandikwa karatasi mbili, moja ya kila mtu. Kiwanja kilipewa jamaa ya watu saba waliotoka Sudan, wakaingia katika zile kuta wakafunika turubai juu.

Jumapili iliyopita mvua kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi mama alitungoja tena chini ya mti. "Mchungaji," akasema, "sisi tumelala pakavu. Wao turubai limepasuka, nimewasikia watoto. Yale mabati yangekuwa juu yao. Nimekosea?"

Hatukumwambia aombe. Wazee waliitwa, na jibu la swali lake hatukulipata, lakini lile turubai la zamani la mikutano ya akina mama lilitolewa stoo, likashonwa mahali palipotoboka, na Jumatatu vijana wa kwaya walilipeleka kule na kulifunga. Mama mwenyewe alishika ngazi.